DJ Tetemeko na Ubeti wa Tatu

Siku Papa Ildephonse alipokunja uso kwenye harusi ya watu, ndiyo siku DJ Tetemeko alipoona riziki yake imekaa pale, imevaa koti na inakula wali.

Harusi ilikuwa mtaa wa Kasenga, Jumamosi mchana, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye ukuta wa seremala. DJ Tetemeko, ambaye mama yake alimpa jina la Claude na mpaka leo hakubali kumwita vingine, alikuwa nyuma ya vyombo vya kukodi, kaski ya kusikilizia muziki shingoni. Katikati ya wimbo mwimbaji akamtaja mfanyabiashara mmoja wa saruji wa hapo hapo Uvira. Mfanyabiashara akainuka na kitambaa chake mkononi, wanawake wakapiga vigelegele, na Papa Ildephonse, ambaye duka lake la mabati linatazamana na hilo la saruji, akaikodolea macho sahani yake kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Kwa mgeni wa pwani hii ya ziwa, tueleze kidogo. Jina la mtu likitupwa ndani ya wimbo linaitwa libanga. Mwimbaji anaimba mapenzi, anaimba mvua, halafu ghafla anamtaja fulani wa duka fulani, na fulani huyo akiwepo ni lazima ainuke, anyanyue mikono, acheze, watu wamwone. Anayetajwa hakai. Akikaa, amemkana mwimbaji hadharani, na habari ya ubahili wake itafika mtaa wa Kilibula kabla yeye hajafika nyumbani. Na akitajwa pamoja na zawadi, zawadi hiyo imeshamtoka mkononi, apende asipende. Sheria hii haikuandikwa popote, na ndiyo sababu hakuna anayethubutu kuivunja.

Claude aliisoma sura ya Papa Ildephonse kutoka juu mpaka chini, akatabasamu, kisha akaukata wimbo nusu na kupaza sauti kwenye kipaza sauti: "Tetemekoooo! Muji inatikisika!"

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Miaka minane ya udijei wa hip-hop, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa Uvira aliyewahi kusikia ubeti wa tatu wa wimbo wowote kutoka mikononi mwa Claude. Ubeti wa kwanza ukiisha, anaingia yeye na jina lake. Ubeti wa pili ukianza, anaingia tena. Yeye mwenyewe hakujua nyimbo zinaishaje, na hakuona kwa nini ajue.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mzito zaidi: hakuwa na chombo hata kimoja. Kila alichopigia kilikuwa cha mtu, na kilirudi kwa mwenyewe kabla jasho halijamkauka. DJ asiye na vyombo ni mdomo tu, na Claude alijua hilo kuliko maadui zake. Alichotaka, na hili alilitaka usingizini na akiwa macho, ni bafle mbili, yaani spika kubwa, meza ya kuchanganyia muziki, na jenereta, ambayo huku tunaiita grupu. Akivipata, angepanda boti pale bandarini Kalundu, ashuke Kalemie ambako hakuna anayemjua, na aanze maisha kama bwana mkubwa wa muziki aliyetoka mbali.

Sasa, chini ya turubai la bluu, akaona vyote vitatu vinaweza kupatikana bila jasho. Kilichokosekana ni sauti ya kutupa majina.

*

Sauti aliipata Kilibula, ndani ya kibanda cha mbao chenye bamba la jua juu ya paa. Mwenye kibanda aliitwa Délice, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyechaji simu za mtaa mzima na kuwatilia watu nyimbo kwenye kadi zao. Simu zikiwa zinajaa, yeye alirap. Alikuwa na wimbo wake mmoja, "Asilimia Mbili", wa msichana anayejaza betri za watu wote huku yake mwenyewe iko karibu kuzimika. Miaka miwili aliubeba wimbo huo kutoka kwa DJ mmoja hadi mwingine, na wote walimwambia arudi wiki ijayo. Hakutaka makubwa. Alitaka usikike mara moja, mbele ya watu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Jambo hilo lilimuuma, na hakulisema kwa mtu.

Claude akaegemea dirisha la kibanda.

"Dada, minye nimetembea Uvira yote, sauti kama yako sijasikia. Weye uko lulu. Lakini lulu yenye inafunikwa na mavumbi."

"DJ, unataka chaji ama unataka nyimbo?"

"Niko nakuambia juu ya maisha yako!"

"Maisha yangu iko sawa. Leta simu."

Akampa simu. Kisha akampa maneno, na kwa maneno Claude hakuwa maskini. Alisema kwamba yeye ndiye baba wa wasanii wapya, kwamba anaandaa konseri kubwa Jumapili ya mwisho wa mwezi kwenye uwanja wa shule pale Kasenga, saa kumi kamili, na kwamba "Asilimia Mbili" ndiyo itakayofungua. Délice akaacha kupanga nyaya. Alikuwa mwerevu, lakini hata mwerevu akiambiwa kile alichokingoja miaka miwili, masikio yanamtangulia.

"Inabakia kitu kadogo tu," Claude akasema. "Utaniimbia wimbo mara tatu. Kila mara unatupa jina moja mu ubeti wa kwanza. Jina moja tu."

"Mara tatu, juu ya nini?"

"Njo technique ya Kinshasa."

Délice akamtazama. Hakuwahi kufika Kinshasa, na alikuwa na hakika Claude naye hakuwahi kuvuka mji wa Baraka. Lakini alirekodi mara tatu, ndani ya kibanda, blanketi limetundikwa mlangoni ili kelele za pikipiki zisiingie. Claude akaondoka na nyimbo tatu zilizofanana kama mayai ya kuku mmoja, isipokuwa jina.

*

Papa Ildephonse alimpokea dukani, katikati ya misumari na mabati. Claude alimvisha kaski kwa heshima, kama padri anayemvisha askofu kofia, akabonyeza. Mzee akasikiliza akiwa amefumba macho. Lilipofika jina lake, macho yalifunguka.

"Njo minye hii?"

"Njo weye, Papa. Peke yako. Mu wimbo yote hakuna jina ingine."

"Hata ya ule wa simenti?"

"Papa! Ule wa simenti ataisikia mu redio, atazima redio."

Papa Ildephonse akacheka mpaka akashika meza. Nyumbani kwake zilikuwepo bafle mbili kubwa alizozinunua kwa harusi ya bintiye, na tangu harusi zilikaa sebuleni zimefunikwa vitambaa vya kufuma, juu yake vyungu vya maua. Claude alieleza kwamba wimbo mkubwa hauwezi kupigwa kwenye bafle za kukodi zenye mafua. Mzee akasema maua yatahamishwa.

Kwa Mama Generose, muuza vitenge, mambo yalikwenda haraka zaidi, kwa sababu Mama Generose hapendi kupotezewa muda hata anapodanganywa. Mwanawe alikuwa ameacha meza ya kuchanganyia muziki alipokwenda kusoma, ikawa inawekewa vitenge juu.

"Jina langu linakuja mbele ama nyuma?" akauliza.

"Mama, linakuja peke yake."

"Na wale bamama ba chama yetu watasikia?"

"Mama, hata samaki ya ziwa itasikia."

"Samaki sitaki. Bamama." Akakunjua vitenge, akamwonyesha meza.

Wa tatu alikuwa Mzee Nduwimana, mkulima wa bonde la Ruzizi mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huyu alikuwa mnyonge kidogo, na tuseme ukweli, hata Claude alimhurumia kwa muda wa kama dakika nzima. Kila aliposhuka mjini na magunia yake, watu walimwita "mzee wa muchele", wakubwa kwa wadogo, kana kwamba hakubatizwa. Aliposikia "Nduwimana wa Ruzizi" kwenye kaski, aliomba arudishiwe. Akaomba tena. Mara ya nne Claude akasema betri inakwisha.

"Mwanangu," mzee akasema polepole, "minye niko na grupu ya zamani kule mashini. Inakohoa, lakini inatembea."

"Papa Nduwimana, ikohoe tu. Muziki itaifunika."

Wote watatu waliahidiwa kitu kimoja, kwamba ni wao peke yao. Wote watatu waliombwa kitu kimoja, kwamba vyombo vifike chumbani kwa DJ Jumapili asubuhi, vijaribiwe kabla ya konseri ya saa kumi. Na boti ya Kalemie, kama wajuavyo wote wanaosafiri, ilikuwa inang'oa nanga Jumapili hiyo hiyo, saa kumi. Watu wakiwa wanaketi uwanjani kumngoja DJ, DJ angekuwa amekwisha kula kona juu ya maji. Claude aliipenda sana hesabu hiyo. Alijiona hana mpinzani kutoka Uvira mpaka mwisho wa ziwa.

*

Hapa inabidi tumwache Claude kidogo akijipongeza. Hatatukosa.

Alhamisi asubuhi, Arakaza, karani wa boti anayeandika mizigo, alipeleka simu yake ikachajiwe kibandani kwa Délice, kama anavyofanya kila wiki. Akakaa kwenye benchi, akapiga soga.

"Basi DJ wenu anahama," akasema. "Amenipa jina jana. Muntu moja, bafle mbili, meza ya mixage, grupu. Jumapili. Kwenda tu, kurudia hapana."

Délice alikuwa ameshika waya. Akauweka chini.

"Jumapili saa ngapi?"

"Boti iko na saa ingine? Saa kumi. Mizigo inaanza kuingia saa nane."

Aliingia ndani, akakaa juu ya debe, akaliona jukwaa alilokuwa ameshajiona amesimama juu yake likiondoka na boti. Alijiona mjinga, na ujinga wa kujitakia unachoma zaidi kuliko wa kutiwa. Kisha akakumbuka yale majina matatu aliyoyaimba, na vile vyombo vitatu, akavipanga jina kwa chombo, chombo kwa jina, maana Uvira yote inajua nani ana nini nyumbani, na picha nzima ikajichora.

"Arakaza," akaita kutoka ndani, "nafasi ya DJ iuze."

"Amekwisha kuikamata!"

"Iuze. Hatakuya."

Alifunga kibanda masaa mawili kabla ya wakati, jambo ambalo Kilibula haikuwahi kuliona, akatundika blanketi mlangoni, na akarekodi "Asilimia Mbili" mara ya nne. Siku mbili zilizofuata, kila simu iliyotoka kibandani mwake ilitoka na chaji, na wimbo, na habari. Bure. Mwanafunzi, mshona viatu, mama muuza ndagala za ziwa, wanakwaya, wote waliambiwa neno moja: saa ya konseri imebadilika, ni saa saba, mara tu kanisa zikitoka, mje mmejua ubeti wa tatu, na DJ asiambiwe, maana tunamshtukiza.

Kwa wale wakubwa watatu alikwenda mwenyewe, amefunga kitenge vizuri, macho chini. "DJ amenituma. Saa ni saba, na kiti yenu iko mbele." Hilo la kiti lilikuwa kweli.

*

Jumapili, saa saba kasoro, Claude alikuwa barabarani nyuma ya mkokoteni. Juu yake bafle mbili, meza, na grupu, vyote vimefunikwa turubai na kufungwa kamba. Wasukumaji wawili walikuwa mbele, naye nyuma, shati la safari, miwani ya jua, akipiga mluzi. Kalundu haikuwa mbali tena. Njia ilipita kando ya uwanja wa shule, lakini kwa hesabu yake uwanja ulikuwa mtupu mpaka saa kumi.

Hesabu ilikuwa nzuri. Ila uwanja ulikuwa umejaa.

Waliovaa nguo za kanisani walikuwa mpaka juu ya ukuta. Akapunguza mwendo, akawaambia wasukumaji kwa sauti ndogo, "Geuza, geuza." Wakati huo huo mtu akapiga yowe: "DJ ameleta!" Vijana kama ishirini wakauvamia mkokoteni kwa furaha tupu. Kamba zikakatwa. Bafle zikapita juu ya vichwa, grupu ikabebwa kama bibi harusi, na Claude akafuata vyombo vyake kwa sababu miguu yake haikujua pengine pa kwenda.

"Muko naharibu ratiba!" akasema. "Inabakia masaa tatu!"

"DJ, unyenyekevu gani huu!" wakamjibu, wakamsukuma.

Mbele ya jukwaa la mbao kulikuwa na viti vitatu vya plastiki. Cha kwanza Papa Ildephonse, na koti. Cha pili Mama Generose, na kilemba kirefu ambacho kiliwazuia watu wa safu tatu kuona. Cha tatu Mzee Nduwimana, ameshika kofia magotini. Wamekaa bega kwa bega, kila mmoja akiwatazama wenzake kwa huruma ya mtu anayejua kitu wasichokijua.

Claude akaona giza mchana kweupe.

Akainama kama anayepanga nyaya. Délice akachuchumaa karibu naye, amevaa gauni jeupe, flashi ndogo mkononi.

"Tia hii, DJ."

"Iko jina ya nani ndani?" akanong'ona.

"Sikiliza mwenyewe."

Akavaa kaski, akasikiliza ubeti wa kwanza. Hakuna Ildephonse. Hakuna Generose. Hakuna Nduwimana. Jasho likaanza kumkauka. Msichana mjinga huyu, akawaza, ameniokoa bila kujua. Nitapiga huu mmoja, nitasema grupu imekohoa, nitabeba vyangu kwenda kwa fundi, na saa tisa niko Kalundu. Akavua kaski. Hakusikiliza zaidi. Miaka minane hakuwahi kusikiliza zaidi, angeanzia leo?

Grupu ikakohoa, ikashika. Délice akapanda jukwaani.

Tangu neno la kwanza watu walinyamaza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na ukavu fulani wa mtu anayesema ukweli na hana haja ya kusifiwa. Ubeti wa kwanza ukaisha, na Claude, kwa mazoea, akanyanyua kipaza sauti chake: "Tetemeko..." Kikawa kimekufa. Mtu alikuwa amechomoa waya. Akatazama chini, akamwona Arakaza, karani wa boti, ameukalia ule waya, anatafuna karanga.

Ubeti wa pili ukapita. Claude alisikia wimbo ukienda mahali ambako yeye hajawahi kufika. Ubeti wa tatu ukaingia.

"Papa Ildephonse, mwenye mabati,
ametoa bafle, vijana bapate..."

Papa Ildephonse aliruka kutoka kitini kama kijana. Vigelegele. Claude akaenda kwenye meza kwa haraka na kuukata muziki. Kimya kikaingia kwa nukta moja, kisha uwanja mzima, kutoka ukutani mpaka viti vya mbele, ukauendeleza wimbo kwa midomo na makofi, maana ubeti ule walikuwa wamelala nao siku mbili:

"Mama Generose, mwenye vitenge,
ametoa mixage, kelele ijengwe!
Nduwimana wa Ruzizi, jina si muchele,
ametoa grupu, mwanga uende mbele!"

Mama Generose alikuwa amekwisha kusimama. Mzee Nduwimana akasimama polepole, kofia ikamdondoka, na watu mia tatu wakarudia jina lake alilobatizwa nalo. Alilia, na hakujificha.

Lakini wale wawili wengine hawakulia. Papa Ildephonse alimtazama Mama Generose, Mama Generose akamtazama Nduwimana, kisha wote wawili wakageuka taratibu kumtazama DJ, huku mikono yao bado iko juu inapunga, kwa sababu anayetajwa hakai.

"DJ," akasema Mama Generose bila kuacha kutabasamu kwa umati, "si ulisema peke yangu?"

"Na minye?" akasema Papa Ildephonse, naye anacheza.

Claude akatazama barabara ya Kalundu, akatazama ukuta, akatazama vijana waliolizunguka jukwaa. Na hapo Délice akamnyooshea kidole, akaingia na mistari ya mwisho, uwanja wote nyuma yake:

"Na DJ Tetemeko, baba ya wasanii,
amesema hivi vyombo havitoke hapa Kasenga hii!
Bafle, grupu, mixage, zawadi kwa studio ya bapya,
ufunguo kwa Délice, yeye anaanza upya!"

Wanawake wakapasua hewa kwa vigelegele. Libanga limetupwa. Limetupwa na zawadi ndani yake.

Fikiria hali ya mtu huyu. Akisema vyombo si zawadi, ni lazima aeleze vilikuwa vinaenda wapi chini ya turubai, na wenye navyo wamesimama hatua tatu kutoka kwake. Akikaa kimya na kukaa chini, ameukana mji. Kulikuwa na njia moja tu, na mji wote ulikuwa unaisubiri.

DJ Tetemeko akanyanyua mikono, akacheza.

Alicheza vibaya, kama mtu anayekanyaga siafu, lakini alicheza. Na jambo la ajabu likatokea. Papa Ildephonse, ambaye hasira ilikuwa imemfika kooni, alimwona mfanyabiashara wa saruji amesimama nyuma kabisa, kwenye jua, hana kiti, hana libanga, uso umekunjika. Hasira ikashuka yenyewe.

"Naongeza mabati ya nyumba!" akapaza sauti. "Studio haiwezi kunyeshewa!"

"Naongeza pazia, kuta zote nne!" akasema Mama Generose papo hapo, maana bamama wa chama walikuwa wanatazama.

Mzee Nduwimana akafikiri. "Minye nitapikisha," akasema. "Muchele. Lakini mutaniita jina langu." Uwanja ukamwita jina lake.

*

Saa kumi honi ya boti ilisikika kutoka Kalundu. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, vijana wanaingiza bafle kwenye chumba kitupu cha nyuma ya shule ambacho mkuu wa shule, baada ya kutazama umati, aliona ni vyema kukitoa. Claude alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jukwaa. Shati la safari limelowa. Alikuwa na huzuni ya kweli, na tusimcheke sana hapo: vyombo alivyoviota miaka minane vilikuwa vimepita mikononi mwake kwa muda wa asubuhi moja, na sasa vinaingia mlango wa watu.

Délice akaja, akakaa ngazi moja juu yake. Ufunguo mpya ulikuwa umefungwa kwenye pindo la gauni.

"Umeniua, dada," Claude akasema.

"Hapana. Nimekutupia libanga. Muji yote inajua weye njo baba ya wasanii."

"Baba hana hata kitanda."

"Vijana kumi na moja wameniandikisha majina, banataka kurekodi. Hakuna anayejua kutembeza ile meza. Nani anajua?"

Mkono wa kulia wa Claude, bila ruhusa yake, ulikuwa unacheza na vifungo visivyokuwepo hewani.

"Kesho saa mbili," Délice akasema. "Ukichelewa, natupa libanga ingine."

Akainuka, akaenda kuwasha grupu, ikakohoa, ikashika. Kutoka mlangoni akamwita. Ndani, meza ilikuwa imewekwa juu ya madawati mawili, taa zake ndogo zinawaka, na mbele yake kulikuwa na kiti kimoja. Claude akakikalia taratibu, kama mtu anayeogopa kitachukuliwa.

"Rudisha wimbo," Délice akasema. "Tangu mwanzo. Leo sijausikia, watu walikuwa naimba."

Akaupiga. Ubeti wa kwanza ukaisha, mkono wake ukashika kipaza sauti, mdomo ukafunguka. Délice akainua kidole kimoja. Mdomo ukafungwa. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita na majina yake yote, na baada yake kukawa na kitu ambacho hata uwanja haukukisikia kwa kelele: mistari minne ya taratibu, bila jina la mtu, msichana anarudi nyumbani jioni, anaweka simu yake mwenyewe kwenye chaji, anaingoja ijae.

Kisha wimbo ukaisha.

Claude akageuka kwenye kiti.

"Ilikuwa inaishaka vile?" akauliza.

"Ndiyo, DJ."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akakuna kichwa. Akasogeza kiti karibu zaidi na meza, akavaa kaski vizuri, masikio yote mawili.

"Rudisha," akasema.